Ufa wa Ukuta wa Kaskazini

4 Machi

Mhandisi amenipa daftari hili leo. Kazi yake ni moja: kila siku niandike kama vioo ni vizima au vimevunjika. Vioo vyenyewe ni vipande vitano vyembamba, kila kimoja urefu wa kidole. Tumevibandika kwa plasta, upande wa ndani, kukatiza ufa wa ukuta wa kaskazini, kuanzia chini ya dirisha la tatu hadi karibu na paa. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinakatika. Mvua zikiisha vioo vikiwa vizima, kanisa litakarabatiwa. Vikivunjika, kamati italibomoa na kujenga jingine la zege. Padre ameshabandika mchoro wa hilo jipya ofisini kwake. Lina paa la bati jekundu.

Mhandisi ni msichana wa rika la binti yangu. Amekuja kukagua jengo la miaka mia na ushee akiwa amevaa viatu vyeupe.

Vizima vyote.

5 Machi

Vizima.

6 Machi

Vizima. Ningeishia hapo, lakini kurasa ni nyingi, na nyumbani sina wa kumsimulia. Naandika nikiwa sakristia, chumba cha mavazi ya Padre, mpaka Mama Funguo atakapokuja kufunga. Huyu ndiye mtunza kanisa tangu mimi nikiwa kijana. Anatembea na funguo kumi na moja kiunoni, na tatu kati ya hizo hajui ni za milango gani.

Leo nimelizunguka jengo polepole kama mgeni. Waliolijenga hawakutia nondo hata moja. Ni tofali la kuchoma na chokaa tu. Tofali moja limelazwa kwa ubavu, la pili limeingizwa likitazama nje kwa kichwa, hivyo hivyo hadi juu, ili upande wa ndani na wa nje ushikane kama vidole vya mikono miwili. Kila dirisha limefunikwa kwa tao, matofali yaliyochongwa kama kabari. Yanasukumana, na kwa kusukumana huko ndiyo hayaanguki. Sakafu imelika katikati, njia ya kwenda altareni. Asubuhi kuta zina rangi ya mkate uliotoka kuokwa, jioni rangi ya ini. Nimejenga nyumba nyingi maishani mwangu na hakuna hata moja inayobadilika rangi.

8 Machi, Jumapili

Vizima. Mke wangu amepiga baada ya misa ya pili, kama kawaida yake. Yuko ng'ambo mwaka wa sita sasa, anamtunza bibi mmoja asiyeweza kutembea. Alikwenda ili binti yetu asome uuguzi. Binti amemaliza, ameajiriwa, ameolewa. Sababu ya kwenda ilikwisha miaka miwili iliyopita na mwenyewe hajarudi, nami sijamuuliza. Mtu hamvuti mwenzake mkono kama mtoto.

"Hamjambo huko?" akauliza.

"Hatujambo. Hakuna shida."

"Mvua?"

"Bado. Na huko?"

"Baridi."

Halafu tukasikilizana tukipumua. Akasema bibi anamwita.

14 Machi

Mvua ya kwanza. Vizima.

Kila anayepita karibu na ngazi yangu ananiambia usipoziba ufa utajenga ukuta, kama vile methali ameitunga yeye. Leo wamekuwa saba. Wa saba alikuwa Padre.

17 Machi

Mvua. Vizima.

18 Machi

Mvua. Vizima. Mama Funguo ameweka ndoo mbili chini ya dirisha la tatu.

19 Machi

Vizima, lakini leo nina mengine ya kuandika.

Mhandisi alikuja mvua ikinyesha. Viatu sasa havina rangi ya kueleweka. Alipanda ngazi hadi juu, akagonga matofali kwa kifundo cha kidole, moja moja, sikio likiwa karibu, kama daktari kifuani mwa mgonjwa. Kisha akachukua patasi yangu, akabandua kipande cha saruji kwenye kiungo kati ya tofali na tofali. Nyuma yake tofali lilimomonyoka likawa kama biskuti iliyotumbukizwa kwenye chai.

"Fundi, njoo uone," akasema. "Ukuta huu ulijengwa kwa chokaa. Chokaa ni laini, inaingiza maji na kuyatoa. Kuna mtu alikuja akakwangua chokaa viunganishoni akajaza saruji. Saruji ni ngumu kuliko hata tofali lenyewe. Maji yakiingia hayana pa kutokea, yanabaki ndani yakila. Ameuziba ukuta pua."

"Msingi je?"

"Msingi ni mzima. Ugonjwa ni huu. Ukuta mzima wa kaskazini umefanywa hivi, zile kuta nyingine hapana. Unamjua aliyefanya?"

Nikasema, "Ni zamani."

Ni zamani, ndiyo. Miaka ishirini na sita. Aliyefanya ni mimi.

Naandika hapa kwa sababu kinywa kimekataa. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nina mwiko mpya na saruji ndiyo ilikuwa fahari ya kila fundi. Padre wa wakati ule aliniita nizibe viungo vya chini tu, penye unyevunyevu, kazi ya wiki moja. Lakini kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kila alasiri ndani, na chini ya dirisha la tatu alikuwa anasimama msichana mmoja wa sauti ya pili ambaye akikosea alikuwa anajicheka mwenyewe kabla ya wengine. Wiki ilipokwisha nilimwendea Padre nikamwambia ukuta mzima unahitaji kuzibwa. Akaniamini, mimi si ndiye fundi. Nikakwangua chokaa nzuri iliyokaa kizazi hadi kizazi bila kosa, nikajaza saruji, polepole, miezi miwili na nusu. Nilipofika kwenye tao la dirisha la tatu, tayari msichana alikuwa ananiletea maji ya kunywa. Nilipomaliza tulikuwa tumekwenda kwa wazazi wake.

Ukuta ulikuwa hauna ugonjwa wowote. Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

22 Machi, Jumapili

Vizima. Mke wangu amepiga. Nikasema hakuna shida.

28 Machi

Mvua tangu alfajiri. Vizima.

Binti yangu amenipigia akiwa mapumzikoni hospitalini. Katikati ya mazungumzo akasema, "Na Mama kuongeza mwaka mwingine umeonaje, Baba?"

Mimi ndiyo kwanza nasikia. Nikajikaza nikasema ni vizuri, kazi ni kazi.

"Baba, amekuambia kweli?"

"Ameniambia."

Sasa nimeanza kusema uongo hata kwa mtoto.

29 Machi, Jumapili

Vizima. Mke wangu alipopiga nilingoja aseme. Hakusema. Yeye labda alikuwa anangoja niulize. Tumeongea habari za goti la yule bibi.

2 Aprili

Mvua. Vizima.

3 Aprili

Mvua. Vizima.

7 Aprili

Mvua. Vizima. Mfereji wa paa umefurika, maji yanateremka ukutani kama shuka. Mhandisi amekuja na mkate, tumekula sakristia. Nilidhani mtu wa shule kama yeye angenidharau. Ameniuliza jinsi ya kusoma timazi, ile kamba yenye uzito, upepo ukivuma, na nilipomwonyesha aliandika.

11 Aprili, Jumamosi

Kioo cha pili kutoka juu kimevunjika.

Nilikikuta asubuhi, kimekatika katikati, sawasawa, kama kimekatwa kwa almasi. Nilikaa juu ya ngazi nisijue kwa muda gani. Mkobani nilikuwa na vioo vya akiba na plasta kidogo. Mhandisi yuko safarini hadi Jumatatu. Hakuna mwingine anayepanda huku.

Nilikibandua nikabandika kingine.

Sikufanya kwa ajili ya kuficha kosa langu, au sikufanya kwa ajili hiyo peke yake. Wakilibomoa, dirisha lile nalo litakwenda, na pale alipokuwa akisimama patakuwa hewa tupu. Mimi mke wangu sina picha zake za ujanani. Nina mahali tu.

Kwenye daftari hili ilibidi niandike "vizima". Nimejaribu. Mkono umekataa.

12 Aprili, Jumapili

Niliingia misa ya kwanza nikakaa nyuma. Mvua ilikuwa inapiga vigae mpaka Padre ikabidi apaze sauti. Kwaya ya sasa inakaa kwenye mabenchi palepale, chini ya dirisha la tatu. Nilianza kuwatazama mmoja mmoja. Mwenye mimba. Yule mzee wa besi mwenye bakora. Mwalimu wao aliyewapa mgongo watu, ameinua mikono. Juu yao kioo changu kipya kiling'aa, kizima kabisa, kikisema uongo niliokifundisha.

Padre alikuwa katikati ya mahubiri. Nikajikuta nimesimama.

"Padre, samahani. Naomba walio upande huu wahamie upande ule. Sasa hivi."

Watu waligeuka wote. Padre akasema kwa upole, "Fundi, tutaongea baada ya misa."

"Baada ya misa kunaweza kusiwe na wa kuongea naye. Kioo kilivunjika jana. Nilikitoa nikabandika kingine ili msijue. Ukuta unasogea." Sauti yangu haikuwa kubwa, lakini lile jengo linabeba sauti. Nikaona maji nimeshayavulia nguo, basi niyaoge. "Na saruji iliyouozesha niliitia mimi. Ukuta ulikuwa mzima. Niliitia ili nipate sababu ya kukaa hapa."

Padre alifunga kitabu, akashuka madhabahuni, akamshika mkono yule mama mwenye mimba akamtoa kwanza. Wengine wakafuata, benchi kwa benchi, bila kusukumana. Misa iliishia kwenye darasa la chekechea jirani, watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mimi nilibaki mlangoni. Mama Funguo alipita karibu yangu akasema, "Mwanangu, kumbe ndiyo maana ulikuwa unafanya kazi kama konokono." Akaenda.

Saa tisa alasiri tao la dirisha la tatu lilidondosha matofali manne. Yaliangukia benchi la sauti ya pili. Benchi lilipasuka.

Nilikuwa nimesimama nje kwenye manyunyu simu ilipolia, imechelewa kuliko kawaida. Nilikuwa nimesahau hata kuwa ni Jumapili.

"Hamjambo huko?"

Nikasema, "Mimi sijambo. Mambo ni mabaya."

Nikamwambia yote: kioo, kwaya, tao, saruji. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo ule ukuta ulikuwa hauna kitu?"

"Haukuwa na kitu."

"Miezi miwili na nusu?"

"Na nusu."

Akacheka, kisha nadhani akalia, au alianza na kulia, simu haionyeshi. Nikaona mlango wa maneno uko wazi, nikaingia. "Binti anasema unaongeza mwaka."

"Nilitaka kukuambia mwenyewe."

"Kwa nini hurudi?"

Akasema, taratibu, "Miaka sita, kila Jumapili nakuuliza hali. Kila Jumapili unaniambia hakuna shida. Mtu asiye na shida anamhitaji nani?"

"Nina shida."

"Shida gani?"

Nilitafuta neno kubwa, nikalikosa. "Tangu uondoke nakula nimesimama," nikasema. "Jikoni, sufuria mkononi. Nikikaa mezani naona kiti chako."

Laini ikakatika. Au alikata. Sikupiga tena, nilikuwa nimebaki mtupu.

13 Aprili

Mhandisi amerudi, Padre ameshamweleza yote. Alitazama benchi, akanitazama mimi.

"Ulinidanganya, Fundi."

"Nilikudanganya."

"Ningekuja leo nikaona vioo vizima, ningeandika watu waendelee kuingia. Na jina langu chini."

Akafunga nywele kitambaa, akavaa buti alizoazima kwa Padre, akasema, "Tuleteeni mbao." Kutwa nzima tumekata na kupigilia kiunzi cha nusu duara cha kulibeba lile tao kutoka chini, yeye upande huu, mimi upande ule, maji yakitumwagikia. Hakusema nami neno lisilo la kipimo. Tao limeshika. Msichana huyu ningemkabidhi nyumba yangu.

16 Aprili

Kamati imekaa. Mhandisi amewaambia ukuta unaweza kupona: mfereji wa paa ubadilishwe, saruji yote itolewe kwa mkono kwa sababu mashine itautikisa, viungo vijazwe chokaa chini ya turubai. Mwenyekiti akauliza ni nani mwenye subira ya kukwangua ukuta mzima kwa patasi. Watu wakacheka kidogo, kisha wakanigeukia.

Nikasema nitakwangua.

Baadaye Padre aliniita ofisini. Alidhani nilificha kioo kwa woga wa kushtakiwa. Nikamweleza habari ya sauti ya pili. Alikuna kichwa muda mrefu. "Miaka yote hii nimekuwa nikifundisha kuwa upendo haumdhuru mtu," akasema. "Sikufikiria kuta." Mchoro wa paa jekundu bado upo, ila leo ametundika kalenda juu yake.

19 Aprili, Jumapili

Hakupiga.

23 Aprili

Mvua. Nakwangua. Mkono wangu wa ujana ulikuwa mzuri, lazima niseme. Saruji imeshika mpaka kero.

26 Aprili, Jumapili

Hakupiga. Nilipanda jukwaa la kazi ukutani baada ya misa ya darasani, ingawa ni siku ya mapumziko, ili nisikae nikiitazama simu. Niliibeba mfukoni. Mara tatu nilidhani imetetemeka. Ilikuwa nyundo.

28 Aprili

Mvua kidogo. Chini ya saruji, karibu na dirisha la pili, nimekuta chokaa ya zamani niliyoiruka, urefu wa shubiri mbili. Kuna alama ya kidole gumba ndani yake, cha fundi aliyejenga. Nikaweka changu. Chake kilikuwa kidogo. Mhandisi akasema tuiache hivyo.

3 Mei, Jumapili

Saa sita na dakika kumi.

"Hamjambo huko?"

"Wewe hujambo? Wiki tatu."

"Umenipa miaka sita ya hakuna shida," akasema, "wiki tatu za kufikiri ndiyo unanidai?"

Alikuwa na haki.

"Nimewaambia watoto wa bibi watafute mwingine. Wamenililia. Bibi mwenyewe hakulia, amesema mbona nilichelewa." Akavuta pumzi. "Mwezi wa sita katikati. Lakini nakuonya, Fundi. Nimezeeka. Nakoroma. Na nimezoea kuamua mwenyewe saa ya kuzima taa."

"Hakuna sh..." nikaanza.

"Usiseme hilo neno."

"Nitajifunza," nikasema.

11 Mei

Mvua imepungua. Tumeanza kutia chokaa. Inataka kukauka polepole, kwa hiyo tunaifunika kwa magunia yenye maji na kuilowesha tena kila saa. Mhandisi anajaza viungo vya chini. Mkono wake bado mzito lakini hana haraka.

20 Mei

Kavu. Vioo vipya vizima. Mhandisi ameanza kuniita Baba. Sikumsahihisha.

31 Mei, Jumapili

Wametufungulia upande wa kusini wa kanisa. Kwaya imesimama huko. Mke wangu amenisomea kwa simu saa ya kufika. Nimeiandika kwenye mbao ya jukwaa, na leo fundi mmoja anayenisaidia nusura aikate kwa msumeno.

9 Juni

Siku nne. Nimenunua shuka, nikairudisha, nikanunua nyingine.

13 Juni, Jumamosi

Nilimkumbuka mrefu. Aliyeshuka kwenye basi ananifika begani, anavaa miwani, na mifuko ya chini ya macho yake ni ya mtu aliyekesha miaka. Tulipeana mikono kama watu wa ofisi moja. "Karibu," nikasema. "Asante," akasema. Njiani aliuliza tunakata kona wapi. Nyumba za siku hizi zimemficha njia. Nyumbani aliomba ruhusa ya kufungua dirisha. Aliniomba ruhusa, nyumbani kwake.

Nimemngoja mtu huyu miaka sita, na leo yuko chumba cha pili ananyoosha nguo zake, na bado namngoja.

14 Juni, Jumapili

Tumekwenda kanisani pamoja. Alisimama mbele ya ukuta, akapitisha kidole kwenye viungo vipya.

"Umefanya haraka safari hii," akasema.

"Nilikuwa na mtu wa kumpokea."

Tulipotoka aliniacha nimshike mkono hadi getini.

15 Juni

Daftari linarudi kwa Mhandisi leo. Ameniambia naweza kurarua kurasa ambazo si za vioo. Nimefikiri, nimeziacha.

Nimechelewa kutoka. Asubuhi nilitaka kuchemsha mayai, nikakuta vitu vyote vya jikoni vimehamishwa. Vikombe viko palipokuwa na sufuria, unga uko juu, kisu sijui kiko wapi. Mke wangu bado amelala, anakoroma kama alivyoahidi. Nimetafuta chumvi nusu saa nzima, kopo kwa kopo, bila kumwamsha, na sijaipata.